Nuru na Ateri Iliyozibwa: Historia ya Kuutazama Mtiririko wa Damu katika Tishu za Wanyama

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya jitihada za kuutazama kwa nuru mtiririko wa damu katika tishu za wanyama pindi ateri inapozibwa, kuanzia hadubini za karne ya 17 hadi hadubini za leza za mwanzo wa karne ya 21. Swali lililowasukuma watafiti lilikuwa moja: je, damu iliyozuiwa njiani hupata njia nyingine ya kufika inakohitajika, au tishu iliyo mbele ya kizibo hufa? Inahojiwa hapa kwamba majibu ya swali hilo yalifuata uangavu wa tishu kuliko yalivyofuata umuhimu wake. Ulimi wa chura, sikio la sungura na utando wa ubongo wa paka vilitawala fikra za kitabibu kwa sababu vilipitisha nuru. Yaliyokuwa chini zaidi yalibaki kukisiwa kwa miaka 135, na athari za uteuzi huo wa tishu zingali zinaonekana katika vifaa vya hospitali.

Utangulizi

Mfereji wa shambani ukizibwa, mkulima hashughuliki kwanza na kizibo chenyewe. Huteremka chini yake kuona kama migomba bado inapata maji kwa mkono mwingine wa mfereji. Tabibu anayemkabili mgonjwa wa kiharusi yuko katika hali iyo hiyo, ila yeye hana pa kuteremkia. Ateri iliyozibwa imo ndani ya fuvu, tishu inayoitegemea imefichika, na muda wa kuamua ni wa saa chache. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo kuhusu hatima ya tishu iliyonyimwa damu ilijulikana kwanza kutokana na wanyama, na ilijulikana kwa kutazama: kwa jicho, kwa lenzi, kisha kwa leza.

Neno mshipa katika Kiswahili lina mawanda mapana mno kwa kazi hii, kwani hutaja njia za damu, neva, na hata ugonjwa wa ngiri. Makala haya kwa hiyo yanatumia ateri kwa mshipa unaotoa damu moyoni, vena kwa ule unaoirudisha, na kapilari kwa vinjia vyembamba vinavyoziunganisha. Kuhusu nuru, kinachozungumziwa ni mbinu zinazosoma nuru iliyopita katika tishu au iliyorudishwa nayo. Mbinu za eksirei na za mnururisho zina historia yake, nazo haziguswi hapa.

Kamba ya Harvey na pafu la chura

William Harvey alipochapisha kitabu chake kuhusu mwendo wa moyo na damu mwaka 1628, kuzuia damu kulikuwa miongoni mwa hoja zake zenye nguvu zaidi. Alifunga kamba mkononi mwa mtu. Kamba ikikazwa sana, ateri iliyo juu yake hutuna na mkono hupoa. Ikilegezwa kiasi, vena zilizo chini yake ndizo hujaa. Kutokana na hayo alionyesha kwamba damu huenda kwa ateri na hurudi kwa vena. Hata hivyo, mahali zinapokutana njia hizo mbili hakupaona. Alilazimika kudhani kwamba damu hupenya katika vitundu vya nyama, naye alifariki mwaka 1657 bila kuviona.

Miaka 4 baadaye, Marcello Malpighi wa Bologna aliyaona makutano hayo kwa hadubini katika pafu la chura, akayaeleza katika barua alizomwandikia rafiki yake Giovanni Borelli. Uteuzi wa mnyama haukuwa wa bahati nasibu. Pafu la chura ni kama kibofu chepesi ambacho kikijazwa hewa hupitisha nuru kutoka upande mmoja hadi mwingine. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft alifuata njia iyo hiyo mwaka 1688 alipoeleza mwendo wa chembe za damu katika mkia wa kiluwiluwi. Mnyama mkubwa, mwenye tishu nene, hakuwa na la kuwaambia watu hawa. Nuru ilikomea katika ngozi yake. Hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao haukuwahi kutangazwa lakini ulifuatwa na wote: kiungo huchaguliwa kwa kuwa kinaonekana, kisha kilichoonekana humo huelezwa kuwa ndiyo tabia ya viungo vyote.

Ulimi wa chura, 1872

Katika miaka ya 1840 Rudolf Virchow wa Berlin alikuwa amefafanua namna bonge la damu linavyoganda mahali pamoja, likang'oka, likasafirishwa na damu hadi kuziba mshipa ulio mbali. Alithibitisha hayo hasa kwa kupasua maiti na kwa majaribio ya mbwa. Lakini maiti humwonyesha mtazamaji mwisho wa jambo tu. Mwaka 1859 Albrecht von Graefe, akitumia kifaa cha kutazamia ndani ya jicho kilichobuniwa na Hermann von Helmholtz mwaka 1851, aliweza kueleza ateri ya retina iliyozibwa katika jicho la mgonjwa aliye hai. Lilikuwa dirisha la ajabu, ila la milimita chache, na lilifunguka tu baada ya maafa kutokea.

Julius Cohnheim, mwanafunzi wa Virchow, ndiye aliyetaka kulitazama tukio lenyewe linavyotokea. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu kuzibwa kwa mishipa, alieleza jaribio ambalo vifaa vyake vingeweza kupatikana katika maabara yoyote ya wakati huo. Chura alilemazwa kwa sumu ya kurare ili asitikisike. Ulimi wake, ambao ni mrefu na mwembamba, ulivutwa nje na kutandazwa juu ya kioo, nuru ikapenyezwa kutoka chini. Kisha vidonge vidogo vya nta viliingizwa katika njia kuu ya damu, na mtazamaji akasubiri. Vidonge vingi vilikwenda kwingineko mwilini. Mara chache kimoja kilifika ulimini na kukwama mbele ya macho yake.

Alichokiona Cohnheim kilikuwa na sura mbili. Kidonge kikikwama katika ateri iliyounganishwa na jirani zake, damu ilisita kwa muda, ikayumba, halafu ikaanza kupita kwa njia za pembeni. Ndani ya muda mfupi tishu ilikuwa kama kwamba haikuguswa. Kidonge kikikwama katika ateri isiyo na kiungo cha pembeni, hali ilikuwa nyingine kabisa. Mbele ya kizibo damu ilisimama. Baadaye ilianza kurudi kinyumenyume kutoka upande wa vena, polepole, ikajaza kapilari hadi zikatuna, na chembe nyekundu zikavuja nje ya kuta. Ateri za namna hii ya pili aliziita ateri za mwisho. Maelezo yake kuhusu damu kurudi kutoka katika vena yalipingwa baadaye na wengine, lakini mgawanyo wenyewe ulidumu, kwa kuwa ulieleza kwa nini kuzibwa kwa ateri moja hupita bila madhara na kwa nyingine huua sehemu nzima ya kiungo.

Kuna jambo katika jaribio hilo ambalo wasomaji wa leo hawawezi kulipita kimya. Kurare hulegeza misuli, haiondoi maumivu. Mnyama aliyetulia juu ya kioo hakuwa lazima mnyama asiyehisi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1876 dhidi ya ukatili kwa wanyama ilitamka wazi kwamba kurare isihesabiwe kuwa nusukaputi, na tamko hilo lisingehitajika kama desturi ya maabara isingekuwa hivyo.

Cohnheim alifanya jambo la pili ambalo halikumbukwi sana. Alizuia damu kwa makusudi, katika ulimi wa chura na katika sikio la sungura, kwa muda mfupi na kwa muda mrefu, kisha akaiachilia. Kizuizi cha muda mfupi hakikuacha alama. Kadiri kilivyokaa, ndivyo kuta za mishipa zilivyoharibika, hata kuondolewa kwa kizuizi kukaleta uvimbe na uvujaji badala ya nafuu. Kwamba kufungua mshipa si sawa na kuirejesha damu ni fundisho lililopaswa kubaki katika vitabu vya tiba. Lilihitaji kugunduliwa upya karibu karne moja baadaye.

Kutoka ulimini Cohnheim alipiga hatua ya ujasiri. Alidai kwamba ateri za mwisho zimo pia katika figo, wengu, retina na ubongo, viungo ambavyo hakuweza kuvitazama vikiwa hai kwa namna ile. Kuhusu ubongo, ubishi ulizuka papo hapo. Otto Heubner wa Leipzig na Henri Duret wa Ufaransa, katika miaka iyo hiyo ya 1870, waliingiza rangi katika mishipa ya maiti na kukuta ateri za juu ya ubongo zikiungana, ingawa hawakukubaliana kuhusu wingi wa miungano hiyo. Mwaka 1928 Richard Pfeifer alionyesha kwamba kapilari za ndani ya ubongo ni wavu mmoja usiokatika. Kwa wengi huo ulionekana kuwa mwisho wa ateri za mwisho: kama kila kapilari imeungana na jirani yake, njia mbadala ipo daima. Kosa la hoja hiyo lilikuwa dogo na gumu kulitambua. Kuwapo kwa njia si ushahidi kwamba damu ya kutosha hupita humo, na maiti haina mtiririko wa kupimwa.

Madirisha

Ikiwa kiungo hakipitishi nuru, inabidi kifunguliwe dirisha. Franciscus Donders wa Utrecht alikwisha kuweka kioo katika fuvu la sungura mwaka 1850. Howard Florey, ambaye jina lake baadaye lilifungamana na penisilini, alichapisha mwaka 1925 uchunguzi wake wa hadubini kuhusu mishipa ya juu ya ubongo wa wanyama walio hai. Mwaka 1928 Henry Forbes wa Boston aliboresha dirisha la fuvu la paka kiasi cha kuweza kupima upana wa ateri za utando wa ubongo zikitanuka na kunywea. Nchini humo humo, katika miaka ya 1920, J. C. Sandison alitengeneza kijumba chenye kuta angavu kilichopachikwa katika sikio la sungura. Tishu mpya ilikua ndani yake ikiwa nyembamba kama karatasi, na mtafiti aliweza kurudi siku baada ya siku kuitazama kapilari ile ile.

Madirisha hayo yalitoa picha nzuri kuliko zote zilizotangulia, lakini yalirithi mipaka miwili. Jicho liliona upana wa mshipa, na upana si mtiririko. Ateri iliyotanuka yaweza kuwa imejaa damu isiyosogea. Tena dirisha lilionyesha uso tu, na uso wa ubongo ndiko mahali ambako Heubner alikwisha kuonyesha kwamba ateri huungana. Kila aliyechungulia kwa dirisha la paka aliona miungano mingi, akaondoka na imani kwamba ubongo umejiwekea akiba ya kutosha.

Rangi kwanza, mwendo baadaye

Njia nyingine ilikuwa kuiacha picha na kuisoma nuru yenyewe. George Stokes wa Cambridge alionyesha mwaka 1864 kwamba himoglobini hubadili namna inavyofyonza nuru inapopoteza oksijeni. Mwaka 1876 Karl von Vierordt wa Tübingen alipitisha nuru katika kidole kilichofungwa kamba, akaona mistari miwili ya himoglobini yenye oksijeni ikififia kadiri tishu ilivyoendelea kula oksijeni iliyobaki. Kwa maneno mengine, kamba ya Harvey ilipatiwa kipimo: kizuizi hakikusomwa tena kwa kutuna kwa mshipa, bali kwa njaa ya tishu. Kazi hiyo ilitangulia wakati wake. Ilingoja vifaa vya umeme vya kupimia nuru, na kutoka katika ukoo huo ndipo kilipozaliwa kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho Takuo Aoyagi wa Japani alikibuni na kukieleza mwaka 1974. Miaka 3 baadaye Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke alionyesha kwamba nuru iliyo karibu na infraredi inaweza kupita katika kichwa cha paka bila kufunguliwa dirisha lolote na kuleta habari za oksijeni ya ubongo.

Mwendo wenyewe wa damu ulisomwa kwa kanuni ambayo Christian Doppler aliitangaza huko Praha mwaka 1842. Anayesimama kando ya barabara husikia king'ora cha gari la wagonjwa kikishuka sauti mara gari linapompita. Nuru nayo hubadilika masafa inapogonga kitu kinachosogea. Tatizo ni udogo wa badiliko. Masafa ya nuru huhesabiwa kwa mamia ya matrilioni kwa sekunde, ilhali chembe nyekundu inayotambaa katika kapilari huyabadilisha kwa mamia au maelfu tu. Taa ya kawaida haina usafi wa kuonyesha tofauti hiyo. Leza, iliyowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960, ilikuwa nao. Mwaka 1972 Charles Riva na wenzake walipima mwendo wa damu katika mishipa ya retina ya sungura. Mwaka 1975 Michael Stern alielekeza leza kwenye ngozi ya kidole na kuonyesha kwamba mtikisiko wa nuru inayorudi hupungua damu ya mkono inapozuiwa. Nchini Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kanuni hiyo iligeuzwa kuwa kifaa cha kuuzwa, chenye uzi wa kioo mwembamba unaogusa tishu na kusoma eneo la ukubwa wa takriban milimita moja ya ujazo.

Kifaa hicho hakisemi ni mililita ngapi za damu zinazopita. Kinasema tu kwamba sasa ni nyingi au chache kuliko dakika iliyopita. Kwa mambo mengi huo ni upungufu. Kwa kuzibwa kwa ateri, ambako mtafiti anataka kujua kabla na baada, unatosha.

Uzi ndani ya ateri

Utoshelevu huo ulithibitika katika maabara za kiharusi. Mwaka 1986 Jinichi Koizumi na wenzake wa Japani walieleza njia ya kuziba ateri ya kati ya ubongo wa panya bila kufungua fuvu: uzi wa nailoni huingizwa kupitia ateri ya shingoni na kusukumwa juu hadi ncha yake iuzibe mlango wa ateri hiyo. Ukivutwa nje, damu hurejea. Njia hiyo iliboreshwa Marekani mwaka 1989 na kuenea duniani kote, na dawa nyingi zilizodaiwa kuukinga ubongo zilijaribiwa kwa panya wa namna hiyo.

Udhaifu wake ulitokana na sifa yake iyo hiyo. Kwa kuwa fuvu halikufunguliwa, mtafiti hakuona chochote. Alijua umbali aliousukuma uzi. Alisubiri mnyama azinduke, akatazama kama anaanguka upande mmoja, akaamini kwamba ateri ilizibwa. Mwaka 1998 watafiti wa Munich walichapisha matokeo ya kuwafuatilia panya kama hao kwa kipimo cha leza kilichowekwa juu ya fuvu. Katika baadhi yao damu ilikuwa imerejea kabla ya wakati, uzi ungali ndani. Katika wengine uzi ulikuwa umeitoboa ateri, na kilichoonekana kuwa kiharusi cha kuzibwa kilikuwa kiharusi cha kuvuja damu.

Uzito wa jambo hili hautoki katika panya wachache wa Munich. Uko katika swali linaloelekezwa nyuma: katika majaribio yaliyofanywa bila kipimo, ni panya wangapi waliohesabiwa kuwa wametibiwa na dawa ilhali damu ilikuwa imejirudia yenyewe? Hakuna awezaye kurudi kuwapima. Mwaka 2006 orodha iliyokusanywa na watafiti wa Australia na wenzao ilitaja tiba 1,026 za kiharusi zilizokuwa zimefanyiwa majaribio, na kati ya zile zilizokusudiwa kuukinga ubongo karibu hakuna iliyokuwa imeingia katika matumizi ya kawaida ya hospitali. Sababu za kushindwa huko ni nyingi, na si haki kuubebesha uzi peke yake lawama. Hata hivyo, jaribio ambalo tukio lake kuu halikutazamwa ni msingi dhaifu wa kujengea tiba, na baada ya 1998 wahariri na wahakiki wa makala walianza kudai grafu ya leza kama mhasibu anavyodai stakabadhi.

Chengachenga za leza

Kipimo cha nukta moja humwambia mtafiti habari za nukta moja. Ramani ilipatikana kutokana na kero. Mtu akimulika ukuta kwa leza huona doa lililojaa chengachenga za weusi na weupe, na kwa miaka mingi wataalamu wa nuru walizichukia kwa kuwa ziliharibu picha zao. Mwaka 1981 Adolf Fercher na David Briers walionyesha kwamba kero hiyo ina habari ndani yake. Chengachenga zikitua juu ya kitu kilichotulia hubaki kali. Zikitua juu ya damu inayokwenda hubadilika upesi kiasi kwamba picha huzionyesha zikiwa zimefifia. Kadiri zinavyofifia, ndivyo damu inavyokwenda kasi. Mbinu ya awali ilitegemea filamu na kuisafisha. Kamera za dijitali za miaka ya 1990 ziliifanya iwe ya papo kwa papo. Mwaka 2001 Andrew Dunn na wenzake wa Boston waliitumia juu ya ubongo wa panya, wakapata ramani ya uso mzima wa gamba la ubongo ikibadilika ateri inapozibwa.

Ramani hiyo iliipa sura dhana iliyokuwa imeishi katika maneno. Mwaka huo huo wa 1981 Jens Astrup, Bo Siesjö na Lindsay Symon walikuwa wameazima kwa wanafalaki jina penumbra, kivuli hafifu kinachozunguka kivuli kizito wakati wa kupatwa kwa jua, wakaliita kwalo eneo la ubongo ambalo limenyamaza kwa uhaba wa damu lakini halijafa. Matumaini yote ya tiba ya kiharusi yamo katika eneo hilo. Juu ya ramani ya leza, mteremko kutoka katikati palipokauka hadi pembezoni palipo salama ulionekana waziwazi. Lilionekana pia jambo la kutia hofu. Aristides Leão, Mbrazili aliyekuwa Harvard, alikuwa ameeleza mwaka 1944 wimbi la ukimya linalosambaa katika gamba la ubongo wa sungura kwa milimita chache kwa dakika. Katika ubongo wenye afya wimbi hilo hufuatwa na ongezeko la damu. Chengachenga zilionyesha, katika kazi zilizochapishwa tangu 2006, kwamba katika tishu yenye njaa mambo hugeuka: wimbi likipita, mishipa hunywea, na damu iliyokuwa chache huzidi kupungua.

Jibu la mwaka 2007

Bado ulikuwa uso. Chengachenga husoma sehemu ndogo tu ya milimita kwenda chini. Kilichovunja kizuizi hicho ni hadubini ya fotoni mbili, iliyobuniwa mwaka 1990 na Winfried Denk na wenzake, ambayo hutumia nuru ya infraredi kuamsha mng'ao wa rangi katika nukta moja iliyo ndani ya tishu bila kuchanganywa na nuru ya tabaka za juu. Mwaka 1998 David Kleinfeld na wenzake waliitumia katika gamba la ubongo wa panya aliye hai. Utegili wa damu ulitiwa rangi ing'aayo. Chembe nyekundu, ambazo haziipokei, zilipita kama vivuli vyeusi, na mwendo wa kila kimoja ukapimwa.

Nuru hiyo haikutazama tu. Iliweza pia kuziba. Tangu 1985 Brant Watson na wenzake wa Miami walikuwa wameonyesha kwamba rangi iitwayo rozi bengali, ikiwa ndani ya damu na ikimulikwa, hudhuru ukuta wa mshipa na kuigandisha damu papo hapo. Kwa kuunganisha mbinu hizo mbili, kikundi cha Kleinfeld kule San Diego kiliweza kufanya kile ambacho Cohnheim alikingojea kwa subira kando ya kioo chake: kuchagua ateri moja, kuiziba, na kuhesabu kinachotokea mbele yake. Tofauti ni kwamba Cohnheim hakuchagua, nta ilichagua.

Matokeo yalitoka kwa awamu mbili. Ateri ndogo ya juu ya ubongo ilipozibwa, kama ilivyochapishwa mwaka 2006, damu katika matawi yaliyo mbele yake iligeuza mwelekeo na kuendelea kulisha tishu. Heubner alikuwa sahihi. Mwaka 2007 Nozomi Nishimura na wenzake walichapisha habari za ateri nyingine, zile zinazotoka usoni na kuzama wima ndani ya gamba. Moja ya hizo ilipozibwa, kapilari zilizo chini yake zilikauka, na wavu wa Pfeifer, ingawa haukukatika, haukuweza kuleta damu ya kutosha kutoka kwa jirani. Cohnheim naye alikuwa sahihi, ila ateri zake za mwisho zilikuwa mahali ambapo dirisha la paka halikufika. Mwaka 2013 kazi ya Andy Shih na wenzake ilionyesha kwamba kuzibwa kwa mshipa mmoja tu wa namna hiyo huua tishu, na kwamba panya huonyesha upungufu katika kazi inayohitaji utambuzi.

Suala la pili la Cohnheim, lile la kurejea kwa damu, lilikuwa limefufuliwa na Adelbert Ames mwaka 1968. Katika sungura ambao damu ya ubongo ilisimamishwa kwa dakika kadhaa, wino mweusi ulioingizwa baadaye haukufika sehemu nyingi. Ubongo ulikuwa na madoa meupe ingawa njia kuu zilikuwa wazi. Mwaka 2009 watafiti wa Ankara, Uturuki, walionyesha sehemu ya sababu: seli zinazozikumbatia kapilari hukaza wakati wa njaa na hazilegei ateri inapofunguliwa. Kwa daktari anayelinyofoa bonge la damu kwa waya na kuona katika skrini kwamba ateri imefunguka, hilo si jambo la nadharia.

Fuvu na ngozi ya binadamu

Nuru inayolisoma gamba lote la ubongo wa panya kupitia mfupa uliokwanguliwa haiwezi kufanya hivyo kwa binadamu, ambaye fuvu lake lina unene wa milimita kadhaa. Mbinu hizi kwa hiyo ziliingia hospitalini kwa mlango wa chumba cha upasuaji, ambako mfupa umekwisha kuondolewa. Mwaka 2003 wapasuaji wa Ujerumani waliripoti matumizi ya rangi ya kijani iitwayo indosianini, inayong'aa chini ya nuru iliyo karibu na infraredi, kuhakikisha kwamba kibanio kinachofunga uvimbe wa ateri ya ubongo hakijaiziba ateri yenyewe. Jibu hupatikana kabla jeraha halijafungwa, wakati kibanio bado chaweza kusogezwa.

Nje ya chumba hicho, ngozi ndiyo dirisha, na hapo uteuzi wa tishu angavu ulidai gharama yake. Panya na sungura wa maabara walikuwa kwa kawaida weupe, wenye ngozi isiyo na melanini na manyoya yaliyonyolewa. Melanini hufyonza nuru, na kifaa kilichosahihishwa kwa ngozi nyeupe huibeba tofauti hiyo kimya kimya. Mwaka 1990 Amal Jubran na Martin Tobin waliripoti kwamba kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikosea zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Ripoti haikubadili mengi. Mwaka 2020, wakati wa korona, uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha kuwa na oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya weusi walikuwa na kiwango halisi kilicho chini ya asilimia 88 katika ateri zao. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani wa mwaka 2013 ulikuwa umetosheka na watu 2 wenye ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya wanaojaribiwa kifaa, kutegemea idadi ipi ni kubwa. Rasimu ya kuubadili ilitolewa Januari 2025.